Sekunde Saba

Mama yangu alifariki mwaka 2004. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu: kanda ya video ya arusi ya dada yangu, iliyofanyika Tanga mwaka 1991. Kaka yangu, aliyekuwa akisoma Marekani, ndiye aliyekuja na kamera, akapiga karibu saa mbili nzima.

Kanda ile ilikuwa na ukaidi tangu mwanzo. Huku bara vituo vya televisheni vilikuwa havijaanza (vilianza 1994), lakini deki zilikuwepo. Tulipoitia katika deki ya jirani, picha zilipanda na kushuka bila kutulia. Kamera ilirekodi kwa mfumo wa Marekani, NTSC, na deki ile ilijua PAL tu. Tukaenda kuitazama kwa mzee mmoja aliyeletewa kutoka Dubai deki ya kusoma mifumo yote.

Miaka ikapita. Nikaipeleka kanda dukani igeuzwe faili, nikaliweka katika kompyuta ndogo ya sebuleni inayohifadhi picha na filamu za nyumba nzima. Televisheni ikalikataa, maana lilikuwa la mtindo wa kale; ikabidi kompyuta iligeuze upya usiku kucha. Asubuhi nikakuta imeandika kwamba kazi imekamilika. Tukakaa kutazama. Mwanzoni mambo yalikwenda barabara, lakini kuelekea mwisho binti yangu akauliza, “Baba, mbona Bibi anafunga mdomo kwanza, halafu ndiyo anasema?”

Nikaligeuza tena, na tena. Nikanunua hata kumbukumbu ya ziada ya kompyuta, fedha ninazozijutia hadi leo. Kila mara programu iliniambia kazi imekamilika, na kila mara Mama alinyamaza ndipo sauti ikaja.

Mwishowe nikafanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza: nikachukua saa na kalamu. Baada ya dakika 20 sauti ilikuwa imechelewa sekunde moja na kidogo. Baada ya saa moja, sekunde tatu na nusu hivi. Mwishoni, saba. Sauti ikichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, imeanzishwa pasipo pake tu. Lakini uchelewaji unaokua kidogo kidogo maana yake ni kwamba picha na sauti zinafuata mwendo tofauti.

Na hapo ndipo nilipoikuta historia. Televisheni ya Marekani, tangu kanuni zake za 1941, ilionyesha picha 30 kwa sekunde, kwa kufuata umeme wao wa mizunguko 60. Ulaya, yenye umeme wa mizunguko 50, ilichukua picha 25, na sisi tukarithi huko. Mwaka 1953 Wamarekani wakaidhinisha mfumo wa rangi, kwa sharti kwamba mamilioni ya televisheni za nyeusi na nyeupe zisitupwe. Kumbe mawimbi ya rangi yakikutana na mawimbi ya sauti yalitia vidoa kwenye kioo. Kuyahamisha mawimbi ya sauti kungeziponza televisheni zilizokwisha nunuliwa. Basi mafundi wakapunguza mwendo wa picha kwa sehemu moja katika kila 1,001, zikawa picha 29.97 kwa sekunde. Watazamaji hawakuona tofauti yoyote.

Lakini faili la dukani lilikuwa limeandikwa, pale mwanzoni linapojieleza, kwamba lina picha 30 kamili. Kompyuta ikaamini. Picha zikaharakishwa, sauti ikabaki na mwendo wake wa haki. Katika saa moja tofauti ni sekunde 3.6, katika saa mbili, 7.2. Vipimo vyangu vya kalamu havikuwa mbali.

Sikuhitaji kununua kitu. Nilisahihisha namba ile moja, nikaandika 30,000 kwa 1,001, kisha nikaiacha kompyuta ifanye kazi yake usiku.

Kesho yake tulikwenda moja kwa moja mwishoni mwa kanda. Mama amesimama mlangoni pa jikoni, kanga kiunoni, anamtazama kaka yangu aliyeshika kamera. Midomo na sauti vikaja pamoja: “Wewe, weka chini hilo dude, njoo ule.” Binti yangu akacheka, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.