Yanayotuhusu Sote: Jinsi Kwaya Yetu Ilivyojifunza Kuulizana



Mkifungua kijitabu cha jubilei ya kwaya, mnatarajia kusoma habari za sare ya kwanza, kinanda cha kwanza na safari za mashindano. Hayo yamo katika kurasa nyingine, pamoja na picha. Sisi wa ofisi tumeombwa tuandike historia, na tukaona si haki kuandika ya furaha peke yake. Katika miaka hii 25 kuna kipindi kwaya hii ilikaribia kuvunjika, na haikuwa kwa sababu ya nyimbo. Ilikuwa kwa sababu ya namna tulivyojiongoza.

Tulipoanza tulikuwa wachache. Wengi wetu tulitoka jumuiya zilizokuwa karibu na kanisa, hapa Kiuu na pande za Githurai. Walikuwapo wauza mboga sokoni, walimu, mafundi, na makondakta wa matatu waliokuja mazoezini bado sauti zimekauka kwa kuita abiria. Sheria zetu zilikuwa ukurasa mmoja wa daftari: fika mapema, lipa mchango, heshimu mwalimu wa kwaya. Mambo mengine tuliyamaliza kwa kuongea baada ya Misa, tukiwa tumesimama.

Mji ukakua, na kwaya ikakua nao. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, nyumba za kupanga zilizidi kuongezeka, na kila Dominika tuliona sura mpya. Lakini ukurasa ule wa daftari ulibaki ule ule. Viongozi walikaa miaka mingi kwa kuwa hakuna palipoandikwa watatoka lini. Fedha za sare, za kinanda na za mfuko wa kusaidiana ziliwekwa pamoja. Hatusemi kuna aliyeiba. Tunasema mwanakwaya akiuliza, hakuna aliyejua nani ana haki ya kumjibu.

Kisha mama mmoja wa sauti ya pili akafiwa na mumewe. Alikuwa ameimba nasi tangu mwanzo. Tuliangalia kitabu, tukaona ana deni la miezi mitatu, tukamwambia mfuko hauwezi kumsaidia. Miezi hiyo mitatu alikuwa hospitalini akimuuguza marehemu. Wenzake walichanga kimya kimya, na Dominika iliyofuata sauti ya nne nzima haikuja. Usiku wa Pasaka mwaka huo, nusu ya viti vya kwaya vilikuwa vitupu. Waumini, mliona. Wengine mlituuliza, nasi tukasema watu wamesafiri.

Tukaona dawa ni katiba mpya. Watu watano tuliandika rasimu kwa Kiingereza, tukachapisha, tukaileta mazoezini Jumamosi jioni na kuisoma haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Tukauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Katika kumbukumbu za mkutano tuliandika: "Wanachama wote walikubali." Hiyo haikuwa kweli, na tunaisahihisha hapa. Watu walinyamaza tu. Juma lililofuata wengine kumi hawakurudi.

Ni Baba Paroko aliyetuita, akatuonyesha kwamba tatizo letu ni la zamani kuliko sisi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 304, inataka kila chama cha waamini kiwe na katiba inayoeleza lengo lake, uongozi wake na masharti ya uanachama. Kanuni ya 119 nayo inashika neno la kale, ambalo Papa Bonifasi VIII aliliweka kati ya kanuni zake za sheria mwaka 1298: linalomgusa kila mmoja lazima likubaliwe na wote. Basi kuulizana si fasheni ya vijana wa siku hizi.

Hapa kwetu pia njia hiyo ina historia. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walizipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, ili Kanisa lijengwe kuanzia nyumbani kwa mtu. Wakenya nao tulifunzwa na katiba ya nchi. Tume ya Profesa Yash Pal Ghai ilizunguka ikikusanya maoni, kisha wajumbe wakakaa Bomas mwaka 2003 na 2004. Rasimu iliyopelekwa kwa kura ya maamuzi mwaka 2005, baada ya kubadilishwa, ilikataliwa. Katiba ilipita tarehe 4 Agosti 2010, ingawa maaskofu wetu walikuwa wameipinga kwa sababu walizozieleza wazi. Wazee wetu wanakumbuka somo moja: watu wakihisi maneno yao yamechezewa, hata yaliyo mema wanayakataa.

Kisha ikaja Sinodi. Papa Francis aliifungua Roma Oktoba 2021, na tarehe 17 mwezi huo ikaanza majimboni, ikiwa na maneno matatu: umoja, ushiriki na utume. Kwenye jumuiya tuliketi kwa duara, kila mtu akasema, wengine wakasikiliza bila kujibu. Mwanakwaya mmoja akauliza, "Kama Baba Mtakatifu anatuuliza, kwa nini kwaya haituulizi?" Hatukuwa na jibu.

Tukaitupa rasimu ya Kiingereza, tukaanza upya. Kila sauti ilikaa peke yake, bila mwenyekiti wala mweka hazina. Mdogo alianza kusema, wakubwa wakamaliza. Maswali yalikuwa matatu: nini kinakuumiza, nini tusikipoteze, na ungependa tuongozwe vipi. Katibu aliandika maneno kama yalivyosemwa, kisha akayasoma mbele ya waliosema ili wayasahihishe. Wanaofanya kazi Jumamosi tuliwakuta baada ya Misa ya kwanza. Waliotuacha tuliwafuata nyumbani, wawili wawili. Yule mama tulimwendea kwanza. Hakutaja fedha. Alisema, "Mlisoma kitabu, hamkuniuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa kifungu cha nane: hakuna mwanakwaya atakayenyimwa msaada wa msiba kwa ajili ya deni kabla hajatembelewa na kusikilizwa. Vifungu vingine vilitoka kwenye duara vile vile. Viongozi wanakaa miaka miwili, na hawazidi vipindi viwili. Mfuko wa kusaidiana una kitabu chake na watunzaji wake. Vijana wana kiti kwenye kamati. Hesabu zinasomwa kila miezi mitatu, kwa Kiswahili.

Si kila ombi lilikubaliwa. Wengine walitaka nyimbo za Misa zichaguliwe kwa kura. Tulibishana majuma mawili. Mwishowe tulielewa kwamba liturujia si mali ya kwaya. Wimbo unafuata masomo na majira ya Kanisa, si wingi wa mikono. Kazi hiyo ikabaki kwa mwalimu akishauriana na Baba Paroko, ila mwalimu sasa anatueleza sababu. Kuulizana hakumaanishi kila jambo ni la kura. Kunamaanisha hakuna anayeamuliwa jambo lake akiwa hajulikani wala hajasikilizwa.

Katiba ilipita, lakini si kwa kauli moja, na safari hii kumbukumbu zinasema hivyo. Wako waliopinga ukomo wa vipindi, wakisema tutawapoteza wenye uzoefu. Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka wa kwanza tulisahau kulipia fundi wa kinanda, na Noeli tukaimba kwa kayamba na ngoma tu. Aliyekuwa mwenyekiti wetu aliachia kiti, akarudi sauti ya nne, na bado yumo. Hatukumshukuru ipasavyo siku ile. Tunamshukuru leo, mbele yenu.

Sauti ya nne ilirudi, si wote, lakini inatosha kubeba Aleluya. Yule mama anaimba leo. Mtamwona safu ya pili.

Ndugu waumini, nakala ya katiba imebandikwa kwenye chumba cha mazoezi. Isomeni. Mkiona tumeanza tena kukaa kimya na kuandika "wote walikubali", tuulizeni. Mungu aliyetupa sauti tofauti atusaidie kuzisikiliza zote.

Ni sisi, ofisi ya katibu, kwa niaba ya wanakwaya.