Tabora kwa Miguu

Tabora haina mlima wa kumkatisha mtu pumzi. Mji umekaa kwenye uwanda, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake za zamani zimesindikizwa na miembe mikubwa, hata mtu anayetoka stesheni kwenda sokoni hupita kivulini sehemu kubwa ya njia. Kwa asiye na haraka, ni mji mwepesi kuuzunguka asubuhi moja, na jioni ikabaki nafasi ya kwenda kijiji cha Kwihara.

Wepesi huo ni wa siku hizi. Mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni wakafika hapa, mahali palipoitwa Kaze, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne njiani, wakiwa na homa na punda wanaokufa mmoja mmoja. Misafara iliyozoea njia ilitumia muda mfupi zaidi, lakini hakuna aliyefika bila miguu kuvimba. Ile miembe nayo ni mgeni aliyekuja na njia hiyo hiyo. Si mti wa asili ya Unyamwezi, nchi inayouzunguka mji huu. Ulitoka India ukapitia pwani, ukafuata misafara hadi bara. Anayetaka kujua njia ya zamani ilipita wapi na aangalie miembe mikongwe.

Matembezi huanzia stesheni. Jengo ni la enzi ya Wajerumani, ambao Reli yao ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza, likakamilika 1928. Basi treni zikawa zinakutana hapa kutoka Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza, na wageni wengi hudhani reli ndiyo iliyoufanya mji kuwa njia panda. Sivyo. Nusu karne kabla ya reli, misafara kutoka pwani iligawanyika hapa hapa: mmoja ukashika njia ya Ujiji na ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, wa tatu ukateremka kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Wahandisi walikuja na ramani na vyuma, lakini njia waliikuta.

Waliochonga njia hiyo ni wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Hao ndio wenye historia ya mji huu kuliko Mzungu yeyote ambaye jina lake limewekwa kwenye kibao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na chungu, mkeka na posho ya mwenyewe. Wabeba pembe za ndovu walijiona mabwana wa kazi na walitembea mbele. Mbele yao wote alikuwa kirangozi, kiongozi wa msafara, na ngoma na pembe zikilia ili vijiji vijue nani anakuja. Ujira ulilipwa kwa nguo: merikani, iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, na kaniki kutoka India. Ushanga nao ulikuwa fedha, ila kila eneo lilikuwa na rangi yake, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa ukiwa na mali begani.

Wanyamwezi walisafiri kiangazi na kurudi kulima mvua zinapoanza, kwa hiyo upagazi haukuua kilimo chao. Burton aliandika kwamba watoto walizoezwa kubeba pembe ndogo tangu wadogo, na kwamba kijana ambaye hajafika pwani alidharauliwa na wenzake. Wanawake nao walisafiri, wakipika na kubeba. Haikuwa kazi ya utumwa kwa wengi wao. Ilikuwa kazi ya mshahara, yenye migomo na mabishano ya posho kama kazi nyingine yoyote. Lakini kwenye njia hizo hizo walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa pwani kuuzwa, na wapo waliobaki hapa wakilima mashamba ya Waarabu.

Soko la leo halina pembe wala merikani. Mama mmoja anakaa nyuma ya marundo mawili ya viazi vitamu vilivyokaushwa. La kwanza ni michembe, viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani hadi vikawa vyeupe na vigumu kama vigae. La pili ni matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, rangi ya kahawia, vitamu, vya kutafunwa njiani. Anayemwamkia kwa "mwangaluka" asubuhi huenda akaongezewa kipimo. Pembeni kuna asali kwenye chupa za maji na madumu ya mafuta ya kula, nyingine nyeusi, nyingine karibu ya dhahabu, kutegemea miti ya miombo iliyochanua nyuki walipokuwa kazini. Mizinga ya magome bado inatundikwa porini, ingawa maofisa wa nyuki wamekuwa wakihimiza mizinga ya kisasa, kwa sababu kubandua gome huua mti.

Kutoka sokoni, boma la Wajerumani haliko mbali, ila ni eneo la jeshi. Lipitwe kwa heshima na kamera ibaki mfukoni. Wajerumani hawakukaa Tabora kwa kukaribishwa. Isike, mtemi wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, alipigana nao, na Januari 1893, kikosi cha Tom von Prince kilipoingia ngome yake, aliwasha ghala la baruti na kujilipua.

Miaka 23 baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa zamu ya Wajerumani kubanwa. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, sarafu kutoka Berlin haziji, na askari wanataka mishahara. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Mwaka 1916 ilipigwa hapo sarafu ya shaba ya heller 20, ukingo wake mara nyingi umepinda na chapa imekaa upande, na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Za dhahabu zilipigwa zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa ng'ambo huzigombania kwenye minada kwa bei ambayo ingemshangaza fundi wa reli aliyezipiga. Mwezi Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji.

Shule ya Sekondari ya Wavulana, iliyoanza 1925, inajulikana mno kusimuliwa kwa urefu: Julius Nyerere alifika mwaka 1937 akiwa mwanafunzi, na baada ya Makerere akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Januari 1958 alirudi tena, safari hii kuwashawishi wajumbe wa TANU wakubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliona ni tusi. Hoja yake ilishinda, Zuberi Mtemvu, aliyeupinga mpango huo, akajitoa na kuunda chama chake, na TANU ikashinda uchaguzi.

Kwihara iko kilomita sita hivi kusini-magharibi. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kupitia mashamba ya mahindi na karanga. Bodaboda zipo kwa anayechoka. Mwisho wa njia kuna tembe, nyumba ya kuta nene za udongo yenye paa bapa na ua katikati. Lililopo limejengwa upya mahali pa lile la zamani, na mlango wake umenakshiwa kwa mtindo wa pwani. Ndani kuna baridi hata saa nane mchana.

Henry Stanley alifikia hapa Juni 1871, akajikuta katikati ya vita. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji, na Stanley akajiunga na Waarabu kumshambulia. Wakashindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuchoma nyumba, na Stanley akatoboa kuta za tembe matundu ya bunduki akimsubiri. Mirambo hakuja. Stanley akazunguka kwa njia ya kusini hadi Ujiji, akamkuta David Livingstone, mmisionari aliyekuwa akimtafuta, na Februari 1872 wakafika wote Kwihara. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alisubiri hapa miezi mitano na zaidi, hadi wapagazi aliotumiwa kutoka pwani walipofika, akaondoka Agosti kwenda kusini.

Alirudi Oktoba 1873 akiwa maiti. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameukausha mwili wake na kuubeba kutoka Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Hapa walimkuta Verney Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa, wakaendelea.

Huko Kasekera, mashariki ya Kwihara, wakasikia kuwa wenyeji mbele hawataruhusu maiti kupita nchini mwao. Wapagazi wakatafuta mbinu ya kipagazi. Waliufunga mwili upya ukafanana na robota la kawaida la nguo, kisha wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga sanda kwa umbo la mtu, na watu sita wakatangaza mbele ya kila mtu kwamba wameshakubali kumrudisha bwana wao Unyanyembe akazikwe. Walipofika mbali na macho ya watu wakayatupa mabua vichakani, bua moja moja, wakatawanyika, na usiku wakarudi kambini kwa njia tofauti. Robota likafika Bagamoyo Februari 1874, bila mwanakijiji yeyote njiani kujua limebeba nini.