Tausi wa Afrika na Unyoya Uliongoja Miaka 23



Watoto wengi wa pwani yetu, kuanzia Palma hadi Ibo, wanamjua tausi kwa picha tu, na ukiwauliza watakujibu kuwa ni ndege wa Bara Hindi. Hawakukosea. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, taawus, na tausi wanaofugwa pwani, kama wale mashuhuri wa Ikulu ya Dar es Salaam, asili yao ni huko. Lakini Afrika nayo ina tausi wake, na historia ya kujulikana kwake ina mafunzo kwa wazazi na wanafunzi.

Mwaka 1913 mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, James Chapin, alikuwa Avakubi, katika misitu ya Ituri, mashariki ya Kongo. Akaona unyoya wenye mistari katika kofia ya mwenyeji mmoja. Aliutunza, lakini hakupata ndege wa kulingana nao. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Kumbe jike alikuwa na manyoya yale yale! Mwaka huo huo akampa ndege huyo jina la kitaalamu, Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi Kongo kumtafuta msituni.

Tofauti yao ni ipi? Tausi wa Bara Hindi hupenda penye uwazi, mashamba na vichaka karibu na maji. Dume hutandaza manyoya marefu yenye macho na kuyatikisa mbele ya majike. Msimu ukipita manyoya hayo hunyonyoka, kisha huota mengine. Usiku hulala juu ya miti mirefu ili kuepuka wanyama wakali. Dume hupanda majike kadhaa, na malezi humwachia mama, ambaye rangi yake ya kahawia humficha anapoatamia.

Tausi wa Kongo anaishi ndani ya msitu mnene. Dume ana rangi ya buluu na kijani, kishungi cheupe na mkia mfupi, ambao naye huutandaza kumwonyesha jike. Huishi wawili wawili, na baba hushiriki kulinda vifaranga.

Ndugu zangu, tuzingatie jambo moja. Wenyeji wa Ituri walikuwa wakimjua ndege huyu siku zote, na unyoya wake wakiuvaa. Kilichochelewa ni kitabu, na kilichopotosha ni kibandiko cha makumbusho ambacho hakuna aliyekihakiki. Leo uwindaji na ukataji wa miti vinamtishia ndege huyo.

Sisi wa kaskazini ya Cabo Delgado tuna sababu ya kulifikiria hili. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, familia nyingi zimehama, na wako watoto waliokulia mbali na vichaka vya wazee wao. Babu anamjua kanga na ndege wengine kwa majina, kwa milio na kwa mahali wanapotaga. Mjukuu je? Wazazi, wakalisheni watoto na wazee, na wanafunzi waandike majina hayo kwa Kimwani na kwa Kimakonde kabla wenye kuyajua hawajatutoka.