Sekunde Moja na Jua la Magoma

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari, 2017, kabla tu ya kutimia saa tisa, saa za Afrika ya Mashariki ziliongezwa sekunde moja. Sidhani kama katika Magoma, bondeni mwa mto Lwengera baina ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, yuko mtu aliyekesha kuipokea. Sekunde hiyo, ambayo wazee wetu wangaliiita nukta, ilikuwa ya 27 katika hesabu iliyoanza mwaka 1972, na baada yake haikuongezwa nyingine.

Asili ya jambo hili i karibu na Magoma kuliko msomaji anavyodhani, nayo ni bahari, kama ile ya Tanga. Kila mvuvi wa pwani ajua bamvua na maji mafu, tena ajua kwamba Mwezi ndio unaoyatawala. Lakini Dunia hujizungusha upesi kuliko Mwezi unavyoizunguka. Basi maji yaliyojaa huchukuliwa mbele ya Mwezi, yakisuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo ni kama breki katika gurudumu. Immanuel Kant alilitaja wazo hili mwaka 1754. Ushahidi ulio wazi umetoka Babeli, ambako kupatwa kwa jua kwa mwaka 136 K.K. kuliandikwa juu ya vibao vya udongo: lau Dunia ingalizunguka siku zote kwa mwendo wa leo, giza lile lingaliangukia mbali upande wa magharibi, kwa tofauti ya saa tatu na zaidi. Na hayo yote yametokana na siku kurefuka kwa chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde katika kila miaka mia!

Hapo zamani jambo hili halikumdhuru mtu, kwa kuwa saa ilikuwa mtumwa wa jua. Katika Unguja na Maskati, wenye kufuata saa za Kiarabu waliziweka kwenye saa kumi na mbili kila jua lilipotua. Saa isahihishwayo kila magharibi haihitaji sekunde ya nyongeza kamwe. Deni lote hulipwa jioni ile ile. Yafaa tulikumbuke hilo kabla ya kuidharau.

Gari la moshi lilileta bwana mwingine. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na gari haliwezi kungoja machweo ya kila kituo. Leo saa yetu sote hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki ya Greenwich, ambao haupiti hata kidogo katika Tanzania, bali hupita Somalia. Kwa hiyo jua la Magoma huchelewa nyuma ya saa kwa wastani wa dakika 26, yaani sekunde 1,560. Mwenyeji asemapo saa moja ya asubuhi hudhani ahesabu kwa mapambazuko yake; kwa kweli ahesabu kwa jua la Mogadishu.

Mwaka 1967 sekunde yenyewe iliondolewa katika mwendo wa mbingu, ikapimwa kwa atomi ya sesiamu, na sekunde za nyongeza zikawa kamba ya mwisho ya kuifunga saa na Dunia. Novemba 2022, Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliazimu kamba hiyo ilegezwe ifikapo mwaka 2035, kwa kuwa huivuruga mitambo ya kompyuta. Wako wanaolalamika kwamba binadamu ataachana na jua. Mimi naona malalamiko hayo yamechelewa. Breki ya bahari itahitaji karne kadhaa kuzitimiza dakika 26 ambazo Magoma ilikwisha kuzipoteza kwa kalamu tu.

Hata hivyo mwadhini wa Magoma hawezi kuadhini adhuhuri saa sita kamili. Mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka kiasi cha dakika 9 baada ya saa hiyo, na katikati ya Februari kiasi cha dakika 40, naye hungoja.