Kamera ya Rangi kwenye Hadubini ya Floresensi

Hadubini ya floresensi huimulika seli kwa nuru ya rangi moja, kisha hutazama nuru ya rangi nyingine inayotoka humo. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alionyesha, kwa kutumia mmumunyo wa kwinini, kwamba nuru inayotoka huwa na mawimbi marefu kuliko ile iliyoingia. Tofauti hiyo ndiyo inayoyawezesha machujio kuzitenganisha nuru hizo mbili. Taabu ni kwamba nuru inayotoka ni hafifu mno, na tangu mwanzo wapiga picha wa hadubini wamekuwa wakiigombania.

August Köhler wa kiwanda cha Zeiss, mjini Jena, aliuona mng'ao huo mwaka 1904 alipokuwa akitengeneza hadubini ya miale ya urujuanimno. Kwake ulikuwa kero iliyoharibu picha. Hadubini za kwanza zilizoutafuta kwa makusudi zilitokea kati ya 1911 na 1913. Miaka ya mwanzo ya 1940, Albert Coons wa Harvard alifaulu kufunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili, hata protini moja ikaweza kutafutwa ndani ya seli. Mwaka 1967 Johan Ploem wa Uholanzi alieleza mfumo wa kumulika kutoka juu, kupitia lenzi ile ile ya kutazamia, kwa kioo kinachoakisi rangi moja na kupitisha nyingine. Hadubini nyingi za leo bado hufuata mpango huo. DAPI, rangi inayokifanya kiini cha seli king'ae buluu, iliundwa mwaka 1971 katika maabara ya Otto Dann nchini Ujerumani, wakati wa kutafuta dawa ya malale. Jina lake limebaki kwenye hadubini, si kwenye matibabu.

Enzi za filamu, picha ya rangi ilidai subira. Filamu ilihitaji kukusanya nuru kwa sekunde nyingi, na muda wote huo rangi iliyotiwa kwenye seli ilikuwa ikififia kwa kuunguzwa na taa. Matokeo yalijulikana baada ya filamu kusafishwa tu.

Kihisi cha nuru cha CCD, kilichobuniwa na Willard Boyle na George Smith katika Bell Labs mwaka 1969, kiliondoa subira hiyo. Lakini kihisi chenyewe hakijui rangi. Hupima wingi wa nuru tu. Bryce Bayer wa Kodak, katika hataza aliyopewa mwaka 1976, alikifunika kwa machujio madogo, moja juu ya kila pikseli: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani kilipewa sehemu kubwa kwa sababu jicho la binadamu huona vizuri zaidi nuru ya eneo hilo.

Kwa picha za harusi mpango huo hauna kasoro kubwa. Kwa DAPI, ambayo nuru yake huwa na nguvu zaidi karibu na nanomita 461, ni hasara: sehemu kubwa ya nuru huzuiwa na machujio ya rangi nyingine, na programu hukisia thamani zinazokosekana. Kamera nyingi za rangi pia zina chujio linalozuia infraredi, nalo hupunguza nuru ya rangi kama Cy5 iliyo ukingoni mwa wekundu.

Ndiyo maana maabara za utafiti zilishikilia kamera zisizo na rangi, zilizopozwa ili kupunguza chenga kwenye picha. Kila rangi ya seli hupigwa peke yake, kisha kompyuta huzipaka picha hizo na kuziunganisha. Wekundu na kijani cha kupendeza katika majarida ya sayansi mara nyingi ni chaguo la mtafiti, jambo halali mradi limeelezwa.

Kamera ya rangi ina mahali pake. Kwenye vipande vya tishu vilivyotiwa rangi za hematoksilini na eosini, vinavyotazamwa kwa nuru ya kawaida, haina mpinzani. Hufaa pia pale mng'ao unapokuwa mkali, kama kwenye makohozi yaliyotiwa rangi ya auramini ili kutafuta vimelea vya kifua kikuu: vimelea hung'aa kijani-manjano, eneo lenye pikseli nyingi kuliko yote. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za floresensi zenye taa za LED kwa uchunguzi huo.