Usiku wa awamu 32

Kitabu cha kanuni alichokuja nacho mwamuzi mkuu kwenye uwanja wa McCoy, hapa Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 1981, kilikuwa na pengo. Ligi hiyo ya chini ya besiboli ilikwisha kuweka kanuni kwamba awamu mpya isianzishwe baada ya saa saba kasoro dakika kumi usiku, lakini katika nakala ile aya hiyo haikuwemo. Wakubwa wa timu ya nyumbani walijua ipo, wakaeleza, wakabisha. Waamuzi wakashika walichokuwa nacho mkononi. Mechi ikaendelea.

Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha basi la shule mjini humu, na besiboli nimeijulia ukubwani. Aliyelelewa na kandanda lazima kwanza azoee kwamba mchezo huu hauna kipenga cha mwisho. Timu moja inapiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, kisha ya pili inapiga vivyo hivyo, na hapo awamu moja imekwisha. Zikitimia tisa na mikimbio, yaani mara ambazo wachezaji wamezunguka vituo na kurudi nyumbani, pale pa kupigia, ikawa sawa, inaongezwa ya kumi, ya kumi na moja, hadi mmoja amzidi mwenzake. Matuta hakuna.

Usiku ule ulikuwa mkesha wa Pasaka, na baridi ya Aprili ya huku si ya mchezo. Taa zilisumbua, wakaanza saa mbili badala ya saa moja na nusu. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mbali ya uwanja kuja kwa mpigaji, hivyo mpira ambao siku nyingine ungevuka ukuta ulirudishwa ndani kama uliovutwa kwa uzi. Rochester Red Wings walitangulia katika awamu ya 7; Pawtucket Red Sox wakasawazisha katika ya 9, watu walipokuwa wameshaanza kutafuta funguo za gari. Katika awamu ya 21 Rochester wakapata mkimbio wa pili, na Wade Boggs, kijana wa Pawtucket aliyekuja kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa nchi hii, akausawazisha tena. Boggs alisimulia baadaye kwamba hakujua kama wenzake walitaka kumkumbatia au kumtwanga.

Wachezaji wakawasha moto kwenye mapipa kando ya mabenchi yao, wakachoma fimbo zilizovunjika, kisha mbao za mabenchi yenyewe. Dave Huppert, mdakaji wa Rochester, alichuchumaa nyuma ya mpigaji kwa awamu 31. Dallas Williams wa timu hiyo hiyo alienda kupiga mara chungu nzima, na rekodi yake ya mechi hiyo inasomeka sifuri kwa 13. Mrushaji Luis Aponte, Mvenezuela, alikwisha kumaliza kazi yake, akaruhusiwa kwenda kulala; mkewe akakataa katakata kuamini kwamba mumewe anatoka uwanjani saa kama zile. Kwenye simu walikuwa wakimtafuta Harold Cooper, rais wa ligi. Alipopatikana na kuelezwa, akaamuru isimamishwe. Ilikuwa saa kumi na dakika saba alfajiri, awamu 32 zimechezwa, mbili kwa mbili, Jumapili ya Pasaka.

Watazamaji 1,740 walikuwa wameingia. Waliobaki walikuwa 19, wakazawadiwa tiketi za msimu. Nikiwahesabu wazee wa hapa mjini walioniambia kwamba wao ni miongoni mwa wale 19, nalijaza basi langu na wengine wanasimama.

Tarehe 23 Juni timu hizo zikakutana tena kumalizia. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa wamegoma nchi nzima, waandishi wa habari hawana pa kwenda, wote wakamiminika Pawtucket. Uwanja ukajaa. Awamu ya 33 ikachukua dakika 18 tu: Dave Koza akapiga, Marty Barrett akafika nyumbani, tatu kwa mbili. Jumla saa 8 na dakika 25, na hakuna mechi ya besiboli ya kulipwa iliyowahi kuwa na awamu nyingi kuliko hiyo. Boggs, na Cal Ripken aliyekuwa upande wa Rochester, wote waliishia kwenye jumba la heshima la mchezo huu. Koza hakuwahi kuitwa ligi kuu hata siku moja.

McCoy wenyewe niliuwahi. Ulijengwa juu ya kinamasi, ukafunguliwa 1942, ukapewa jina la meya aliyeung'ang'ania. Mabenchi ya wachezaji yalikuwa chini kabisa, usawa wa nyasi, na watazamaji wanakaa juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo watoto walikuwa wanakata galoni la maziwa, wanatia ndani mpira na kalamu, wanalifunga kamba na kuliteremsha mbele ya benchi kama mtu anayevua. Mchezaji anaweka sahihi, anavuta kamba mara mbili, galoni linapanda. Mwanangu alivua hivyo msimu mzima na alichopata ni sahihi ambazo mpaka leo hatuwezi kuzisoma. Timu ilihamia Worcester, na mahali pale mji ukapapangia shule ya sekondari.

Sasa ubishi wenyewe, ambao kila msimu ukianza madereva wenzangu wananichosha nao. Tangu 2020, mwaka wa korona, ligi kuu imeamua kwamba kuanzia awamu ya 10 kila timu inaanza ikiwa na mkimbiaji tayari kwenye kituo cha pili, nusu ya njia ya kurudi nyumbani. Ligi za chini zilishaanza 2018. Mwaka 2023 ikafanywa kanuni ya kudumu. Wanaoipinga wanalia kwamba mchezo ulikuwa hauna mwisho, na sasa umewekewa mwisho wa kulazimisha.

Si kweli kwamba haukuwa na mwisho. Mwisho ulikuwa jua. Tarehe 1 Mei 1920, Boston, timu ya Brooklyn na Braves wa pale walicheza awamu 26, mkimbio mmoja kwa mmoja, mpaka giza likaingia na mwamuzi akawaambia waende zao. Ikaandikwa sare. Leon Cadore na Joe Oeschger walirusha wenyewe kila mmoja kwa timu yake, mwanzo hadi mwisho. Kesho yake Brooklyn wakacheza 13 na Philadelphia, wakafungwa. Siku ya tatu wakarudi Boston wakacheza 19, wakafungwa tena. Awamu 58 kwa siku tatu, na ushindi hawakuuona. Taa zilipokuja ligi kuu, Cincinnati, 1935, jua likapoteza mamlaka yake, na ndiyo maana ikabidi watu waandike aya kama ile iliyokosekana kwenye kitabu cha Pawtucket.

Jambo jingine la 1920 ni saa. Awamu zile 26 zilichukua saa 3 na dakika 50 tu. Kilichorefusha besiboli miaka ya karibuni ni mrushaji kuzungukazunguka, kujikuna, kurekebisha kofia, na mpigaji kufungua na kufunga glavu. Mwaka 2023 ligi kuu ikaweka saa ya kuhesabu sekunde kwa mrushaji, na wastani wa mechi ya awamu tisa ukashuka kutoka zaidi ya saa 3 hadi kama saa 2 na dakika 40. Dawa ilikuwa hiyo.

Wenye timu wana hoja yao na siidharau: mkono wa mrushaji ni mali ghali, na mechi moja ndefu inaharibu ratiba ya wiki nzima. Lakini angalia ni nani anayepewa kile kituo cha pili. Kwa kawaida ni yule aliyetolewa mwisho katika awamu iliyopita. Ameshindwa, na zawadi yake ni kuwekwa nusu ya njia. Akifika nyumbani, hata watunza takwimu hawauhesabu mkimbio ule kuwa umetokana na udhaifu wa mrushaji, ila mrushaji huyo akishindwa mechi, kushindwa kunaandikwa kwa jina lake.

Kama lazima ifupishwe, Wajapani wana njia ninayoiona ya kiungwana zaidi. Kwao msimu wa kawaida unafika awamu ya 12, na kama bado ni sawa, watu wanapeana sare na kwenda kupanda treni. Mwaka 2011, baada ya tetemeko, waliweka hata kikomo cha saa tatu na nusu ili kuokoa umeme, na besiboli yao haikufa. Madereva wenzangu wananiambia Mmarekani hawezi kuvumilia sare. Mmarekani wa 1920 aliivumilia vizuri tu.

Na ligi kuu yenyewe haiamini sana uamuzi wake, maana Oktoba, mechi za ubingwa zinapoanza, mkimbiaji wa bure anaondolewa. Tarehe 27 Oktoba 2025, Los Angeles, Dodgers na Toronto Blue Jays walikwenda hadi awamu ya 18, ndipo Freddie Freeman akaupeleka mpira ng'ambo ya ukuta, sita kwa tano. Huku kwetu ilikuwa inakaribia saa tisa usiku, na mimi basi natakiwa kuliwasha saa kumi na moja. Asubuhi ile hakuna dereva hata mmoja aliyelalamika kwamba mechi ilikuwa ndefu.