Hatua ya msingi ya salsa

Hatua ya msingi ya salsa ni mwendo wa mapigo 8 unaofundishwa kabla ya mengine yote. Anayeongoza husogeza mguu wa kushoto mbele kwenye pigo la 1, hurudisha uzito kwenye mguu wa kulia pigo la 2, kisha huuleta wa kushoto katikati pigo la 3. Pigo la 4 hupita bila hatua. La 5 mguu wa kulia huenda nyuma, la 6 uzito hurudi kushoto, la 7 wa kulia hurejea katikati, na la 8 hupita kama la 4. Anayeongozwa huanza na mguu wa kulia nyuma. Mapigo ni 8 lakini hatua ni 6, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa huangalia miguu inakwenda wapi badala ya kujua uzito wa mwili umekaa mguu gani. Anayegusa tu sakafu kwa ncha ya kiatu kwenye pigo la 3, likifika la 5 mguu anaotakiwa kuunyanyua ndio uliombeba; hutapatapa na kumyumbisha mwenzake. Kukimbilia mizunguko kabla ya kurekebisha kosa hilo ni kupoteza muda, maana hata mzunguko wa kawaida wa kulia hutumia hatua hizohizo za 5, 6 na 7.

Wapo wanaopinga kuhesabu wakisema kwamba Havana, Kuba, na Cali, Kolombia, watu hujifunzia kwenye sherehe za nyumbani, bila kuhesabu. Ni kweli, lakini hao wamekua wakisikia klave, yale mapigo 5 ya vijiti vya mbao yanayojirudia ndani ya hesabu ya 8. Kuhesabu humsaidia mtu ambaye sikio lake bado halijazoea, na huachwa likishazoea. Wengine husema mtindo wa New York ulioenezwa na mwalimu wa dansi Eddie Torres, ambao hubadili mwelekeo kwenye mapigo ya 2 na 6, unavuruga kanuni hii ya hatua 6 ndani ya mapigo 8. Hauivurugi: hatua zinabaki 6, na la 4 na la 8 hayakanyagwi. Kinachobadilika ni mahali pa kugeuzia mwendo, na anayeanza achague mtindo unaochezwa pale anapojifunzia.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki na Kongo haanzi mikono mitupu. Santuri za son, muziki wa Kuba, zilifika Kongo tangu miaka ya 1930 na kuchangia kuzaliwa kwa rumba, na Septemba 1974 mwimbaji Celia Cruz na bendi ya salsa ya Fania All-Stars walitumbuiza Kinshasa. Klave imo ndani ya rumba hiyo. Kwa hiyo weka wimbo wa taratibu, simama bila mwenzi, tembeza uzito mguu kwa mguu mpaka pigo la 4 na la 8 yapite bila kuhesabiwa. Mizunguko ifuate baadaye.